UZI: Kansa ya njia ya haja kubwa kwa kina mama wa Kilatino huku Houston, na herufi moja iliyonikosesha usingizi

#1 BintiTanga77

Wakuu habari za saa hizi. Huu uzi nimeukalia wiki nzima nikijiuliza niuweke jukwaa la afya au la lugha, mwisho nikasema potelea mbali naweka hapa, mods wakiona vipi watauhamisha.

Mimi ni Mtanga, niko Houston mwaka wa tisa huu, nafanya kazi ya usaidizi kwenye kliniki moja ya upande wa kusini magharibi (jina tuliache), kule Gulfton, yaani mtaa ambao ukishuka kwenye basi unapokelewa na Kihispania kwanza, halafu Kiswahili cha Wakongo, Kiingereza kinakuja mwisho kama mgeni. Kazi yangu ni kupima presha, uzito, kuandaa vifaa, kumshika mtu mkono anapochomwa sindano. Wagonjwa wetu wengi ni kina mama wa Kilatino, Wameksiko, Wahondurasi, Wasalvador. Kihispania chenyewe nimejifunzia jikoni, miaka mitatu naosha vyombo mgahawani na kina doña, kwa hiyo matusi nayajua kabla ya salamu.

Sasa Jumanne kaja mama mmoja, hamsini na ushee, mtu wa heshima zake, nywele kazibana, kibeti mapajani. Historia yake: kisukari, figo zikafa, akapandikizwa figo 2011. Na kabla ya hapo alishawahi kukatwa kipande cha shingo ya kizazi sababu ya seli zilizoanza kuharibika. Daktari wetu mpya, kijana makini kweli, kasoma faili lote (jambo adimu) akasema huyu anatakiwa achukuliwe kipimo cha seli za njia ya haja kubwa. Mkalimani wa kwenye simu hakupatikana, tumesubiri ule muziki wao mpaka basi, nikaitwa mimi.

Nikamwambia mama kwa adabu zote: señora, daktari anataka kukufanyia papanicolaou anal.

Mama akatabasamu, akasema "ya me lo hice, en marzo". Nishafanya, mwezi wa tatu.

Nikatafsiri. Daktari akashangaa kidogo, akaandika kwenye faili kipimo kimefanyika kwingine, mama kapewa dawa zake akaenda.

Niko kwenye foleni ya magari barabara ya Bellaire saa kumi na moja jioni ndo kichwani ikalia kengele. Wakuu, yule mama hakusikia "anal". Alisikia "anual". Kipimo cha pap cha KILA MWAKA. Kile cha shingo ya kizazi ambacho kina mama hawa wanakijua vizuri mno na wanakifanya bila ubishi. Amenijibu sawasawa kabisa, swali ndo halikufika. Herufi moja, u, imepita kati yetu watu watatu ndani ya chumba na hakuna aliyeiona.

Sikulala.

Nataka tujadili hii kansa maana nimeanza kuwauliza kina mama pale kwenye mabenchi wakisubiri, na karibu wote wananijibu kitu kimoja: hawajawahi kuisikia. Shingo ya kizazi wanaijua, titi wanalijua, utumbo mkubwa wanaujua. Hiyo ya mlangoni kabisa, hapana. Mmoja akaniambia hiyo ni ya wanaume mashoga. Mwingine kajiziba mdomo kacheka kama mtoto wa shule.

---

#2 Kaka wa Ubungo

Duh dada umeanza Jumatatu na habari za mlango wa nyuma 😂😂 Sasa Walatino wa Texas na sisi wa Ubungo Kisiwani wapi na wapi? Wana hela zao watapimwa.

---

#3 BintiTanga77

@Kaka wa Ubungo hela zao zipi? Texas ndo jimbo linaloongoza Marekani kwa watu wasio na bima, na serikali ya jimbo ilikataa kuipanua Medicaid, ile bima ya wasio na kipato. Na wasio na bima huku ukiwahesabu Walatino wamo wengi kuliko wengine. Mama anasafisha ofisi usiku, mchana anauza tamales, bima hana, karatasi labda hana, akiumwa anakunywa chai ya majani. Usione picha za Houston ukadhani kila mtu ni wa NASA.

Na kucheka cheka tu, ila ujue hii kansa Marekani inawapata wanawake kuliko wanaume. Kwa mwaka watu zaidi ya 10,000 wanaambiwa wanayo, na katika kila watatu wawili ni wanawake. Kwa hiyo yule aliyesema ni ya mashoga amekosea, ingawa wanaume hao kweli wako kwenye hatari kubwa na hasa wenye VVU.

Mnaikumbuka siku aliyokufa Michael Jackson? 25 Juni 2009. Dunia nzima ililia. Siku hiyohiyo asubuhi alikufa Farrah Fawcett, yule mwigizaji wa runinga mwenye nywele zile za mawimbi, bango lake lilikaa kwenye kuta za vijana wa miaka ya 70. Mzaliwa wa hapahapa Texas, Corpus Christi. Alikufa kwa kansa hii, waligundua 2006. Alijitangaza mwenyewe hadharani, mpaka kamera akaziruhusu zimfuate hospitalini. Halafu siku ya kufa habari yake ikafunikwa. Hata kufa kuna bahati.

---

#4 nesi_wa_zamu

Uzi mzuri huu. Mimi ni nesi Dar, kliniki ya afya ya uzazi, ngoja niweke chumvi kidogo.

Huyu mdudu ni yuleyule. HPV, kirusi cha papiloma, hasa aina ya 16. Shingo ya kizazi karibu zote ni yeye, na hii ya njia ya haja kubwa takribani 9 katika 10 ni yeye. Sababu ni umbo la mwili: kwenye shingo ya kizazi kuna mahali ngozi ya aina moja inakutana na ngozi ya aina nyingine, kama pindo la kanga lilivyoshonwa na kitambaa kingine, na pale kwenye mshono ndo kirusi kinapenda kukaa. Sasa njia ya haja nayo ina mshono uleule, ndani sentimita chache tu. Ukiwa na kirusi mbele, nyuma ni jirani, ua halina uzio.

Na kuna kitu kitawafurahisha: sisi huku tunapaka siki kwenye shingo ya kizazi, seli mbaya zinageuka nyeupe tunaziona kwa macho. Kule wakitaka kuangalia huko nyuma vizuri wanatumia siki hiyohiyo, na ayodini, ila wanaangalia na darubini yenye taa kali. Siki, wakuu. Ile ya kachumbari.

---

#5 Kipusa254

Sasis niulize swali watu wanaogopa kuuliza. Si hii unaipata ukifanya ile kitu ya nyuma? Kama hujawahi uko sawa, ama?

---

#6 BintiTanga77

@Kipusa254 asante kwa kuuliza, maana hilo ndo swali linalowafunga kina mama midomo. Jibu ni hapana, hauko sawa kwa sababu hiyo tu. Kufanya huko kunaongeza hatari, kweli, lakini wanawake wengi wana kirusi huko nyuma na hawajawahi hata siku moja. Kinasambaa kwa ngozi kugusana, kwa mkono, kwa kujifuta, kwa ule ujirani aliosema nesi.

Ila wewe jiweke kwenye nafasi ya mama wa miaka 55, Mkatoliki wa kwenda na rozari, mume amekaa naye chumbani, daktari kijana anamwambia nataka kukupima kansa ya huko nyuma. Anachosikia yeye siyo ugonjwa, anasikia anatuhumiwa. Ndo maana wakiulizwa wanasema "ay no doctor, qué pena", yaani hapana daktari, aibu gani hii, na wanashika kibeti. Nimeona mwingine anajibu swali la daktari huku anamwangalia mumewe.

Marcia Cross, yule mwigizaji mwenye nywele nyekundu, aliugua hii akapona, na alipoanza kusema hadharani alieleza kwamba mumewe naye aliugua kansa ya koo miaka ya nyuma na madaktari wanadhani kirusi ni kilekile. Alisema wazi kwamba amechoka watu kuona aibu kulitaja hilo eneo.

---

#7 Mwana Goma

Mi pia niko Houston, natumika ku hoteli, tunafanya vyumba na bamama ba Meksiko na ba Guatemala. Ile kitu wewe dada unasema ni kweli kabisa. Bale bamama bakiona damu ku choo banasema tu "almorranas", banapaka pomade ya ku duka, basi. Iko mumoja wetu alipaka ile pomade mwaka muzima, anaikala upande moja tu ku kiti. Tulikuwa tunamucheka. Sasa nasoma hapa roho inaniuma.

---

#8 nesi_wa_zamu

@Mwana Goma hapo umegusa penyewe. Almorranas ndo bawasiri, na bawasiri huku kwetu ni shimo la kutupia kila kitu. Damu? Bawasiri. Kinyama? Mgolo huo. Kuwasha? Bawasiri tu, kunywa maji mengi, tafuta mzee wa dawa. Na kweli mara nyingi ni bawasiri, sitaki kuwatisha watu. Lakini dalili za hii kansa ni zilezile, damu, maumivu, uvimbe, kuwasha, kutokwa na ute, choo kubadilika kuwa chembamba, na wengine hawana dalili yoyote. Bawasiri isiyopona wiki kadhaa inabidi mtu avae glovu aingize kidole akague. Kidole tu! Dakika moja. Kuna watu wameandikiwa dawa za kupaka mara nne na hakuna hata mmoja aliyeangalia.

---

#9 Daktari wa Kijiwe

Samahani niwe mpinzani kidogo. Hii kansa ni adimu. Huko Marekani ni kama watu 2 kwa kila 100,000 kwa mwaka. Mkianza kuwapima wanawake wote mtaleta hofu, vipimo vya uongo, watu kukatwa vinyama bila sababu, na bili. Kwa Marekani bili ndo ugonjwa wa pili. Kila kitu siyo cha kupima.

---

#10 BintiTanga77

@Daktari wa Kijiwe uko sahihi na nilikuwa nasubiri mtu aliseme hili. HAKUNA anayesema wanawake wote wapimwe. Nimekaa na yule daktari wetu akanionyesha mwongozo wa wataalamu wa kimataifa wa eneo hilo, IANS, uliotoka Januari 2024, naueleza nilivyouelewa mimi.

Wanawake wanaotakiwa kupimwa: wenye VVU kuanzia miaka 45. Waliowahi kuwa na kansa au seli mbaya za mashavu ya nje ya uke, hao ndani ya mwaka mmoja tangu waambiwe, umri wowote, maana wao hatari yao iko juu sana. Na waliopandikizwa kiungo, figo au ini, ikishafika miaka 10 tangu upasuaji, kwa sababu wanameza dawa za kushusha kinga maisha yao yote.

Halafu kuna kundi la "kaa na daktari wako mzungumze" kuanzia 45: waliowahi kuwa na seli mbaya au kansa ya shingo ya kizazi au uke, waliokuwa na HPV 16 kwenye shingo ya kizazi isiyoondoka zaidi ya mwaka, wenye vinyama vya sehemu za haja, na wenye magonjwa kama lupus (kinga ya mtu inaushambulia mwili wake mwenyewe) wanaotumia dawa za kushusha kinga.

Sasa rudi kwa yule mama wangu wa Jumanne. Figo 2011, hesabu. Shingo ya kizazi, hesabu. Yuko kwenye orodha mara mbili na katoka mlangoni na tabasamu.

Na hapo ndo unaona kwa nini nawazungumzia Walatino. Kansa ya shingo ya kizazi inawapata zaidi kuliko wanawake Wazungu wa Marekani, na ukienda kule mpakani, bonde la Rio Grande, McAllen, Brownsville, hali ni mbaya zaidi. Kisukari na figo vimewaandama vibaya, lupus nayo inawapata zaidi kuliko Wazungu. Yaani milango yote inayoingiza mtu kwenye ile orodha, wao wamejaa mlangoni, na hakuna aliyewaambia kuna orodha. Mtu ametibiwa mbele, akapongezwa, akaambiwa njoo kila mwaka. Ya nyuma hakuna aliyeitaja.

---

#11 Daktari wa Kijiwe

Sawa hapo nimekubali. Lakini je, kupima kunasaidia? Maana kupima bila ushahidi ni ramli.

---

#12 nesi_wa_zamu

Ushahidi upo, ule utafiti wa ANCHOR uliochapishwa 2022, Marekani. Walichukua watu wenye VVU wa miaka 35 kwenda juu wakiwa tayari na seli mbaya huko nyuma, zaidi ya 4,400, nusu wakatibiwa zile seli, nusu wakafuatiliwa tu kwa karibu. Waliotibiwa, hatari ya kufikia kansa ilishuka kwa 57%. Ilibidi wausimamishe mapema ili wale wengine nao wapewe matibabu. Kabla ya hapo watu walikuwa wanabishana kama wewe, na walikuwa na haki ya kubishana.

Na hata ikishakuwa kansa siyo mwisho. Zamani wakikuta hii walikuwa wanakata njia nzima wanakuwekea mfuko wa haja tumboni mpaka kufa. Mwaka 1974 daktari mmoja wa Detroit, Norman Nigro, akaonyesha kwamba ukichanganya mionzi na dawa za kemo, kwa wengi uvimbe unayeyuka wenyewe na kisu hakihitajiki. Mpaka leo ndo tiba kuu. Ikikamatwa haijatoka pale ilipoanzia, zaidi ya 8 katika 10 wanaishi miaka mitano na kuendelea.

---

#13 Ami wa Makadara

Assalaam aleikum. Nimesoma uzi wote nikacheka na nikasikitika. Nataka kusema kuhusu lugha, manake naona mwandika "huko nyuma", "ile kitu", "mlangoni". Sisi chuoni tukiwa watoto wa miaka saba maalim alikuwa akitusomesha udhu na twahara anasema bila haya "tupu ya mbele na tupu ya nyuma". Mbele ya wasichana na wavulana. Hapana aliyecheka. Neno lipo, la heshima, la zamani. Kwani nyinyi mwaogopa nini?

---

#14 Kaka wa Ubungo

Ami umeua 😂 Ila kweli sisi bara ukisema neno lenyewe ni tusi, ukisema kinyeo watu wanadhani umelewa.

---

#15 BintiTanga77

Ami shikamoo, nimekumbuka madrasa mpaka harufu ya wino. Na nikwambie, Kihispania wanayo shida hiyohiyo mara mbili. Neno lao ni "ano", na mwaka ni "año", ni kile kimstari cha juu ya n tu. Kwenye fomu zetu za kompyuta kile kimstari mara nyingi hakitoki, kwa hiyo kuna fomu inamuuliza mtu ana njia ngapi za haja badala ya miaka mingapi. Kina mama wanaangaliana wanacheka, wanaandika 52.

Mezani hawalitaji. Mtoto mdogo anaambiwa "colita", mkia mdogo. Mtu mzima anasema "ahí abajo", huko chini, kama vile kuna stoo.

---

#16 MamaMapacha

Naomba niulize jamani, sijawahi kuandika humu ni msomaji tu. Mimi ni Mkenya niko Minnesota, 2019 nilitolewa seli mbaya shingo ya kizazi, nina miaka 47. Sina VVU, sina hayo mengine. Hicho kipimo kikoje? Kinauma? Na nilifanya kolonoskopi mwaka jana nikaambiwa ni safi, si wangekuwa wameona?

---

#17 BintiTanga77

Dada yangu karibu. Kwanza kolonoskopi: ile kamera inapita pale mlangoni haraka inakimbilia utumbo mkubwa, haikuwekwa kwa ajili ya kutafuta hizi seli. Inaweza kuona uvimbe mkubwa, zile seli za mwanzo hapana. Kwa hiyo "safi" ya kolonoskopi siyo "safi" ya hapa.

Wewe uko kundi la "mzungumze". Siyo lazima, lakini una haki ya kuuliza, na ukimuuliza daktari wako akikushangaa usione aibu, wengi wao nao hawakufundishwa.

Kipimo chenyewe, mimi ndo naandaa trei yake kwa hiyo naijua. Unalala ubavu wa kushoto, magoti kifuani, shuka juu yako. Hakuna chuma kile cha kupanulia kama cha mbele. Kuna kijiti kama cha kusafishia masikio, kirefu, kinaloweshwa maji ya kawaida ya bomba, hatupaki mafuta sababu mafuta yanaharibu seli. Kinaingia kama sentimita tano, kinazungushwa taratibu huku kinatolewa. Hata dakika haifiki. Kina mama wengi wanasema kinakera zaidi ya kuuma. Halafu daktari anakagua na kidole. Siku moja kabla usiingize kitu chochote huko. Basi.

Jibu likitoka na seli zisizo za kawaida ndo unapelekwa kwenye ile darubini ya siki. Na hapo nisikudanganye, ndo penye shughuli. Waliofundishwa kuitumia ni wachache nchi nzima, miji mingi haina hata mmoja, foleni ni miezi. Kuna kliniki hazianzishi kipimo cha kijiti makusudi kabisa sababu hawana pa kumpeleka mgonjwa akikutwa nazo, na kiukweli mimi siwalaumu sana, kumwambia mtu una kitu halafu hakuna mlango wa kugonga ni ukatili wa aina yake. Ila kidole kila kliniki inacho.

---

#18 Kipusa254

Na chanjo? Huku Kenya ilianza 2019 kwa wasichana wa miaka kumi, watu wakasema inafunga uzazi, makanisa yakaingia, ikawa noma.

---

#19 nesi_wa_zamu

Tanzania 2018, Rwanda walitutangulia wote 2011. Na maneno ya kufunga kizazi tumeyasikia mpaka masikio yameota sugu. Chanjo ni ileile, inayozuia ya mbele inazuia na ya nyuma, Marekani waliiidhinisha rasmi kwa kazi hiyo 2010.

---

#20 BintiTanga77

Kwa kina mama wangu hofu ni nyingine kidogo, wanasema "ukimchanja binti unampa ruhusa". Tunachanja kuanzia miaka 9, kawaida 11 au 12, wavulana na wasichana. Mpaka 26 kwa ambaye hakuchanjwa, na 27 mpaka 45 ni mazungumzo na daktari. Puerto Rico, ambako ni Walatino watupu, waliiweka kuwa lazima shuleni tangu 2018, kwa hiyo hii habari ya kusema "Walatino hawapendi chanjo" ni uvivu wa kufikiri. Ukiwaeleza wanachanja. Binti mmoja juzi kaja na bibi yake, bibi kasikia neno kansa kavua hirizi yake ya Bikira wa Guadalupe akamvalisha mjukuu, akasema "ándale", choma.

Anayefaa kuwaeleza sasa, mimi nadhani siyo daktari. Kuna kina mama wanaitwa promotoras, wa mtaani humohumo, wanafundishwa kidogo kisha wanapita nyumba kwa nyumba, saluni, kanisani, na wanazungumza lugha ya jikoni. Hao ndo waliowafundisha kina mama wengi kupima titi na shingo ya kizazi. Wape na hii.

---

#21 Mwana Goma

Dada, na yule mama wa Jumanne? Ulimupigia?

---

#22 BintiTanga77

Wakuu samahani nilipotea siku tatu. Mrejesho.

Nilimwambia daktari kesho yake asubuhi kabla hata sijavua koti. Alinyamaza, akafungua faili akafuta ile sentensi yake, hakunigombeza. Nikampigia mama mwenyewe. Mara ya kwanza hakupokea, ya pili akapokea yuko kazini, nasikia mashine ya kufyonza vumbi. Safari hii sikusema "anal". Nikasema: señora, siyo kile cha mbele ulichofanya Machi, hiki ni cha nyuma, "por donde hace del baño", unapopitishia choo.

Kimyaaa. Mashine ikazimwa.

Akasema: "¿Y por qué nunca me dijeron?" Mbona hawajawahi kuniambia.

Sikuwa na jibu nikamwambia ukweli, hata juzi tulikwambia lakini hatukukwambia. Akacheka, nikashukuru Mungu kacheka. Akaja Ijumaa na dada yake, dada kakaa kwenye kiti pembeni anaomba rozari kimyakimya, kipimo kikaisha kabla hajamaliza salamu mbili. Wakati mama anavaa viatu akauliza je dada yake naye anaweza, naye alitolewa kizazi kwa hayohayo miaka ya nyuma, kule Reynosa, Meksiko. Tukamfungulia faili papohapo.

Majibu yametoka leo. Yana seli zisizo za kawaida. Siyo kansa, nasisitiza, ni za kuangaliwa kwa darubini. Nimekaa kwenye simu saa nzima na dakika kumi, nafasi ya karibu waliyotupa ni miezi miwili na nusu. Nimeichukua, na nimeliweka jina lake kwenye orodha ya wanaosubiri mtu aghairi.

Nimebandika karatasi juu ya meza yetu ya mapokezi: usiseme anal, sema "de atrás, por donde hace del baño". Leo mchana bosi kaniambia niandike na ya Kiswahili kwa ajili ya wagonjwa wetu Wakongo na Wabanyamulenge. Niandike nini?

---

#23 Ami wa Makadara

Tupu ya nyuma. Nimeshasema.

---

#24 Mwana Goma

Ami na heshima yote, mama wa Uvira akisikia "tupu" atafikiri hakuna kitu ndani. Andika "njia ya choo kubwa".

---

#25 Kaka wa Ubungo

"Kikubwa" mzee, choo kikubwa, tusiharibu lugha.

---

#26 Mwana Goma

Lugha yenu. Mama mwenyewe atasema kubwa.

---

#27 BintiTanga77

Nimeandika zote mbili, kubwa juu, kikubwa chini yake kwenye mabano. Ami usinune. Kesho saa moja nabandika.